Kulainisha Kovu

Wiki ya tatu baada ya kukatwa titi la kushoto, niliinua mkono ili nivue blauzi. Ulifika usawa wa kifua ukagoma. Haukuniuma sana siku hiyo, uligoma tu, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Nikaivuta blauzi kwa mkono wa kulia, nikaipitisha kichwani kwa taabu, nikakaa kitandani nikalia. Nilipomaliza kulia nilijiambia ni uchovu, kesho utapanda. Kesho yake haukupanda. Mwezi uliofuata ulikuwa umeshuka zaidi.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba jambo hilo lipo. Ndiyo sababu naandika. Mama uliyekatwa, au utakayekatwa, sitaki ukae kitandani peke yako ukidhani mwili wako tu ndio wenye ukaidi huo. Mabaya zaidi yamekwishapita kwangu, kwa upande wa mwili. Upande mwingine nitauandika pia, maana pande hizo zilikwenda pamoja, na nikiuficha nitakuwa nimekudanganya.

Naitwa Mapendo, ila hapa Nakivale, kambini kwa wakimbizi, wananiita Mama Riziki, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kwetu ni Fizi, Kivu ya Kusini. Tulifika Uganda mimi, mume wangu, Riziki akiwa na miaka saba, na mdogo wake Amani nikimbeba mgongoni. Mume wangu alikuwa shemasi kwetu, na hapa pia walimfanya shemasi kabla hata hatujamaliza kuezeka nyumba. Mimi nilikuwa natwanga sombe, yale majani ya muhogo ambayo wengine huyaita kisamvu. Natwanga asubuhi, nauza mchana. Mchi wangu ulikuwa mzito, na majirani walisema wanajua saa kwa kusikia ninavyoupiga. Nawaambia hivyo mjue mikono yangu ilikuwa mikono ya namna gani.

Uvimbe niliuona wakati wa kiangazi, nikioga. Ulikuwa kama punje ya haragwe. Nilimwambia mume wangu siku hiyohiyo. Alitoka nje, akarudi, akakaa.

"Usiseme kwanza, Mama Riziki," akasema. "Bakijua uko mugonjwa, dosie yetu itasimama. Ngoja batuite, tupite, kisha tutaenda kwa munganga."

Mwaka ule majina yalikuwa yanatoka ya watu wa kupelekwa nchi za mbali. Faili letu, hiyo dosie, lilikuwa limefunguliwa, na kila familia iliyofunguliwa faili iliishi kama watu waliobeba mayai. Hukugombana na jirani, hukuugua, hukuzaa. Hayo hakuyatunga mume wangu. Yalisemwa kisimani, sokoni, hata kanisani. Wala sitamtupia yeye peke yake. Na mimi nilitaka kwenda. Nilikuwa nimechoka na vumbi la Nakivale na mahindi ya mgao. Nikanyamaza miezi minane. Kanisani niliomba waniombee mgongo, na kweli waliniombea mgongo, na haragwe likawa yai.

Siku ya mahojiano ilifika, tukapita. Wiki iliyofuata nikaenda zahanati, na zahanati ikanituma hospitali ya Mbarara siku ileile. Ilibidi tumweleze afisa aliyeshika faili letu. Alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, na mkalimani wake alikuwa Mkongo wa Uvira. Alisikiliza, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

Mkalimani akageuza maneno yake: "Anauliza, mama, sababu gani haukusema tangu mwanzo? Anasema ugonjwa kama huu huandikwa kwenye faili. Kuna batu banapelekwa haraka kwa sababu ya matibabu."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Tulipofika nyumbani alisema, "Mungu anajua," na mimi nikapika.

*

Upasuaji ulifanyika Mbarara mvua za Machi zilipoanza. Kabla ya hapo nilisubiri, na baada ya hapo nikasubiri, hivi kwamba nikikumbuka mwaka ule nakumbuka zaidi benchi. Lilikuwa refu, la kijani, mguu mmoja umeegemezwa na tofali. Mtu wa mbele akiitwa, sote tulisogea kwa makalio, kiti kimoja, kisha tukatulia tena. Ungefika saa moja asubuhi ukaitwa saa tisa. Wauguzi walikuwa wachache na wagonjwa tulikuwa wengi, nami jina langu waliliita "Mapendu", nikazoea kuitika hilo.

Kwenye benchi hilo nilimpata Jovanisi. Alikuwa mwanamke mnene wa Kinyankole, muuza maziwa kutoka Bwizibwera, naye alikuwa amekatwa wiki moja kabla yangu, titi la kulia. Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa malori ya maziwa.

"Wewe natoka wapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nakivale."

"Mkimbizi?"

"Ndiyo."

Alitazama mfuko wangu, ambamo hamkuwa na chakula. "Huko maziwa iko?"

"Haiko."

Akafungua kopo, akamimina maziwa kwenye kifuniko, akanipa. Hakuuliza kingine. Kuanzia siku hiyo kila tulipokutana kifuniko kilikuwa changu. Nimeishi na Wakristo wengi, na ninajua mistari mingi ya kumnywesha mwenye kiu. Yeye hakunisomea hata mmoja.

Kidonda kilipofunga, daktari alisema nitapewa dawa ya maji ya kupitia mshipani mara sita, kila baada ya wiki tatu. Dawa ya kwanza ilinitapisha mpaka nikadhani nitatapika jina langu. Ya pili iling'oa nywele. Ya tatu ilitia weusi kwenye kucha, na chakula chote kikawa na ladha ya msumari. Nilikuwa nahesabu siku kwa dawa hizo. Amani aling'oka jino baada ya dawa ya pili. Maharage yetu yalivunwa baada ya dawa ya tatu, na sikuyavuna mimi.

Aliyeyavuna ni wifi yangu, Esperansi, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuja kunisaidia kupika, akabaki. Nimshukuru kwa maharage, maana aliyavuna kweli. Lakini alikuwa na mdomo. Akinikuta nimelala alisema na sufuria: "Bibi wa watu amelala, sombe inaoza." Akiona ninavaa nguo kwa mkono mmoja alimwita mume wangu aje kuona. Mume wangu hakuja. Tangu nilipotoka hospitali hakuwahi kutazama upande ule wa kifua changu. Alihamia kwenye mkeka, akasema ni ili nisiumie.

Na mkono ulizidi kukaza. Nilikuwa naushikilia kwenye mbavu mchana kutwa, kwa kuogopa kovu lisipasuke, na kadiri nilivyoushikilia ndivyo ulivyogandamana. Chini ya kwapa zikatokea kamba tatu. Sisemi kwa mfano, mtu angeziona. Nikijaribu kuinua mkono zilijitokeza chini ya ngozi, kutoka kwapani mpaka karibu na kiwiko, zimekazwa kama nyuzi za gitaa. Ngozi ya kovu nayo ilikuwa imeshikana na mbavu, huwezi kuibana kwa vidole. Kusuka nywele za Riziki, sikuweza. Kuanika nguo, sikuweza. Kuhusu mchi, nilijaribu siku moja Esperansi akiwa kanisani. Niliuinua mara mbili. Mara ya tatu ulinitoka, ukaangukia mguu wangu, nikaketi pale kwenye kinu nikiutukana kwa Kibembe maneno ambayo mke wa shemasi hapaswi kuyajua.

*

Dawa ya nne ndiyo iliyonisaidia, ingawa si kwa ajili ya dawa yenyewe. Muuguzi alitaka nivue blauzi akaona ninavyohangaika.

"Mama, inua mkono."

"Siwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu kukatwa."

Aliguna, akanishika bega, akanipeleka kwenye chumba cha mwisho wa korido. Humo kulikuwa na mkeka, mpira wa rangi ya chungwa na mwanamke mmoja mwembamba aliyevaa raba. Aliitwa Atwine. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia watu viungo vilivyokataa. Kiswahili chake kilikuwa cha kubangaiza, na Kinyankole changu kilikuwa hicho hicho, lakini mikono yake ilijua kusema.

Hakuniinua mkono kwa nguvu. Hilo ndilo nililoliogopa, na hakulifanya. Alinilaza chali, magoti juu, akaweka kiganja changu cha kulia tumboni.

"Pumua," akasema. "Pole pole. Kama wewe nalala."

Nikapumua mara kumi. Kisha akapaka mafuta kidogo vidoleni, akaviweka bapa juu ya kovu, akavituliza. Hakusugua. Aliisogeza ngozi juu ya kilicho chini yake, upana wa punje, juu, chini, pembeni, akasubiri.

"Hapa ndani iko kama nguo," akasema. "Nguo nakunywa maji, nakauka mbaya, nashika mwili. Wewe hapana vuta. Wewe nangoja mpaka yenyewe naachia. Kesho tena. Kesho tena."

Kisha akanifundisha kuifanya kwa vidole vyangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipogusa kovu langu ilikuwa pale, mbele ya mgeni, miezi minne baada ya kukatwa. Sikuwahi kuligusa isipokuwa kwa kitambaa cha kuogea. Nilihisi kama nagusa mtu mwingine. Atwine aligeukia dirisha, akanipa muda.

Baada ya hapo alinionyesha mikao. Kupiga magoti, kukalia visigino, kuinama mbele mpaka paji la uso liguse mkeka, na mikono imenyooshwa mbele, vidole vitembee polepole kama kunguni. Kusimama kwa mikono na magoti, mgongo uinuke kama wa paka, kisha ushuke. Kusimama mbele ya ukuta, vidole vikipanda juu. Kila mkao pumzi tano, na ukifika penye kukaza, usisukume, pumua hapohapo.

"Hii naitwa yoga," akasema. "Na ile ya mkono ni masaji. Fanya moja, fanya ingine, kila asubuhi. Kama naumwa mpaka wewe nalia, wewe nazidisha, wacha. Kama mkono navimba ama iko moto, kuja hapa mbio."

Alinipa maagizo ya kuegemea ukuta, mpira mdogo mgumu ukiwa nyuma ya bega na ubavuni. Nilimwambia sina mpira. Alifikiri, akasema kitu chochote cha mviringo. Nyumbani nilichukua kokwa la avoka, yaani parachichi, nikalitia kwenye soksi ya Amani. Lilifaa. Likinyauka nilitafuta lingine, na Nakivale msimu wa avoka ukiisha nilitumia jiwe la kando ya ziwa.

Mafuta yalitoka kwa Jovanisi. Nilipomweleza benchini, alicheka mpaka akajishika mshono.

"Wewe natumia mafuta ya duka? Hapana! Mimi nakuletea samli."

Dawa ya tano, nilikaa kwenye benchi nikimtafuta kwa macho. Hakuwapo. Saa sita hivi akaja mwanamume mrefu aliyevaa buti za shamba, akawa anauliza kwa kila mtu, "Mapendu? Mapendu wa Nakivale?" Nikainua mkono wa kulia. Alikuwa kaka yake Jovanisi. Dada yake alikuwa amefariki, wamemzika Jumamosi. Alinipa chupa ya plastiki iliyojaa samli.

"Alisema ya mkimbizi," akasema. "Alisema lazima."

Nilikaa na ile chupa mapajani mpaka walipoita jina langu. Tulikuwa tumekatwa mwezi mmoja, tumelishwa dawa ileile. Msiniulize kwa nini yeye. Wanaoniambia kwamba Mungu aliniokoa kwa kusudi, huwa nawauliza kusudi la Jovanisi lilikuwa lipi.

*

Nikaanza. Kila asubuhi, nyuma ya nyumba, jua likichomoza, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na faragha kidogo na ukuta mzima. Nilipaka samli, nikasogeza kovu, nikainama kwenye mkeka, nikatembeza vidole ukutani. Pale vilipofika niliweka alama ya mkaa. Wiki mbili za kwanza alama zilirundikana fasi moja, mahali palepale, kama nzi. Wiki ya tatu moja ilipanda upana wa kidole. Wiki ya tano, nikiwa nimelala chali na mkono pembeni, nilisikia kitu kwapani kikiachia, tap, kama uzi wa kushonea unavyokatika. Niliogopa nikadhani nimejiharibu. Kumbe kamba moja ilikuwa imeachia. Asubuhi hiyo alama ya mkaa ilipanda kiganja kizima.

Sikuwa na wa kumwambia. Nilimwambia Amani, akasema, "Basi utanibeba?"

Siku nne baadaye nilirudi kutoka zahanati nikakuta Esperansi amesiliba ukuta wote wa nyuma kwa udongo mpya. Alama zangu hazikuwapo.

"Wifi, umefanya nini?"

"Ukuta ulikuwa muchafu," akajibu. "Na batu banaona. Banasema unaabudu jua."

Kwa kweli walikuwa wanasema. Jirani mmoja alikuwa ameniona nimeinama, paji la uso chini, nimeelekea mashariki, mikono mbele. Wengine walisema nimesilimu. Wengine waliuliza Mbarara nimefundishwa nini, na mimi kwa ujinga wa kutokuficha nikawa nimesema jina: yoga. Kufikia Jumapili jina hilo lilikuwa limepata pembe na mkia.

Waliniita mbele ya wazee wa kanisa. Walikuwa watano, kwenye viti, na mume wangu miongoni mwao. Mimi walinipa kigoda.

"Mama Riziki," mchungaji akaanza, "tulikuombeaka wakati wa ugonjwa. Tulifunga kwa ajili yako. Sasa tunasikia uko unafanya mambo ya miungu ya Bahindi."

"Nanyoosha mkono, mchungaji."

"Yoga iko fasi ya mashetani. Hata jina linajulikana."

"Basi munipe jina lingine, nitaliita hilo."

Mzee mmoja akacheka, akajizuia. Mchungaji hakucheka. "Hauna imani kama Mungu anaweza kukuponya bila kuinama kwa jua?"

Nilikuwa nimekonda, sina nywele, kucha nyeusi. Nadhani mtu akifika hapo hana tena cha kulinda. Nilisimama, nikajaribu kuinua mkono wa kushoto mbele yao. Ulifika usawa wa sikio, ukitetemeka.

"Mwezi uliopita uliishia hapa," nikawaonyesha kifuani. "Muko na maombi yenye kuupandisha mpaka juu? Muombe sasa. Nitangoja."

Nilimtazama mume wangu. Neno moja tu lingenitosha, hata kama angesema nimechoka niende kulala. Alisema, "Mama Riziki, heshimu wazee."

Waliniondoa kwenye kwaya na kwenye meza ya Bwana, mpaka nitakapoacha. Sikuacha. Wiki zilezile mke wa mchungaji alianza kuja kwangu kwa njia ya shambani, na shingo iliyokaza tangu alipoanguka na ndoo. Nilimfundisha kuegemea kokwa la avoka. Alipona shingo. Jumapili aliimba mstari wa mbele, akanipungia mkono kidogo sana, wasione.

*

Baada ya dawa ya sita jina letu likaitwa. Daktari wa safari aliangalia karatasi zangu, akasema mimi siwezi kusafiri bado, lazima nikae chini ya uangalizi mwaka mmoja, waone kama ugonjwa utarudi. Familia inaweza kusubiri pamoja, akasema, au faili ligawanywe.

Mume wangu alinifuata nyuma ya nyumba asubuhi, nikiwa kwenye mkeka. Ilikuwa mara ya kwanza kuja huko.

"Tukingoja, tutapoteza," akasema. "Bale waliongoja bote wako bado hapa. Sisi tutangulie, miye na batoto. Nikifika nitakuitisha. Mwaka moja ni nini?"

"Na watoto watakuwa na nani?"

"Na baba yao."

Nililala na neno hilo siku tisa. Watu wananilaumu nilitia sahihi. Naomba wanilaumu wakishakaa pale nilipokaa. Sikujua kama ugonjwa utarudi. Nilimwona Jovanisi benchini wiki hii, wiki ile akawa ardhini. Nilijiuliza, nikifa Nakivale hawa watabaki na nani, na watasoma wapi? Nikatia sahihi. Nilidhani ninawapa watoto wangu nchi.

Waliondoka mwanzo wa mvua za vuli. Basi lilisimama karibu na ofisi, watu wamejaa, kila familia ikilia kwa sauti yake. Riziki, akiwa na miaka kumi na mmoja, hakulia. Alinishika mkono wa kulia hakuuachia mpaka baba yake alipomvuta kupanda ngazi. Amani alikuwa tayari dirishani. Alitoa mkono nje akaita, "Mama! Mama!" na watu walikuwa wamenibana upande wa kulia kwa mizigo, siwezi hata kugeuka. Nikainua wa kushoto. Dirisha la basi liko juu, mnajua. Niliinua mpaka sikioni, nikapita sikio, nikasimama kwa vidole vya miguu, na kitu kikachanika kwapani kwa maumivu ambayo sijayapata kabla wala baada. Vidole vyangu vikashika vidole vyake.

Basi likaondoka. Kanisani watu hutoa ushuhuda kwa jambo dogo kuliko lile, na mimi nilikuwa nimefukuzwa kwenye ushuhuda. Nilirudi nyumbani. Wiki nzima bega lilivimba, nikaenda kwa Atwine akanigombeza sana, nami sikumwambia sababu.

*

Simu zilikuja kila Jumapili, kisha kila mwezi, kisha sikukuu. Mwaka wa uangalizi uliisha, ugonjwa haukurudi. Faili langu likawa linasubiri karatasi kutoka upande wa mume wangu. Nilingoja mwaka wa pili. Siku moja nikapiga mwenyewe, akapokea mwanamke.

"Baba Riziki ameenda kazini," akasema. Kiswahili cha kwetu kabisa, labda hata ni mtu wa Uvira. "Weye ni nani?"

"Mimi ni Mama Riziki."

Nikasikia sauti za vyombo nyuma yake. Kisha akasema polepole, bila ubaya wowote, "Mama Riziki alikufa. Banatuambiaka alikufa Uganda, kwa kansa."

Sikumtukana. Ni mwanamke aliyedanganywa kama mimi. Nilikata simu, na asubuhi iliyofuata sikutandika mkeka, wala iliyofuata, wala mwezi mzima. Nawaambia ili mjue gharama yake: kamba mbili zilirudi. Mwili hauna huruma na huzuni zako. Ukiuacha unakaza, hata kama una haki ya kulia. Ilibidi nianze tena kutoka kifuani, alama moja moja, nikiwa na hasira, na nimegundua kwamba hasira nayo inaweza kupumua mara tano.

Sasa ni mwaka 2015. Mkono wangu unapanda mpaka juu ya kichwa, ukipinda kidogo mwishoni, na hapo umeamua kukaa. Natwanga sombe, kidogo kuliko zamani, kwa mchi mwepesi. Asubuhi za baridi za Juni kovu hukaza, samli ikitiwa joto hulilegeza. Esperansi anaishi upande wa pili wa barabara, tunasalimiana. Riziki hunipigia kwa siri akipata simu ya rafiki yake. Kiswahili chake kinapungua. Mara ya mwisho alitafuta neno "kovu" akalikosa, akaniambia "ile kitu yako ya hapa", nami simuoni anapoonyesha. Nilipomuuliza kama walimwambia nimekufa, alisema, "Nilikataa." Faili langu bado linasubiri.

Wanawake wanakuja. Wengine wamekatwa, wengine wameungua, mmoja alichomwa kisu vitani huko milimani na tumbo lake likashikana. Nawaambia waende Mbarara kwanza, kisha waje. Wiki iliyopita alikuja binti wa wafugaji kutoka Minembwe, hajafika miaka thelathini, ameukumbatia mkono wake ubavuni jinsi ninavyojua. Alisimama mlangoni, hataki kukaa.

"Mama, hii inachukuaka muda gani?"

"Kidonda chako kimefunga?"

"Kimefunga."

"Mkono ni miezi sita, ukiwa muaminifu."

"Na ile ingine?" akauliza. Hakusema ipi. Aliangalia njia aliyokuja nayo, ambako mwanamume mmoja alikuwa anamsubiri mbali, amegeuka upande mwingine.

Ningeweza kumpa mstari wa Biblia, ninayo mingi.

"Ile ingine sijui, mwanangu," nikamwambia. "Miye niko bado ndani yake. Kuja, ulale hapa, magoti juu. Tutaanza na pumzi."